Jina Jema na Saa ya Kazi: Mada kwa Wafanyakazi wa Kujitegemea Wafanyao Kazi Majumbani

Matini ya mada iliyowasilishwa mbele ya wakazi katika mkutano wa kata wa elimu kuhusu huduma za biashara



Katika kila mtaa zipo nyumba ambazo ndani yake kazi hufanyika bila kibao mlangoni. Nyuma ya pazia cherehani huanza kulia mapema asubuhi. Katika chumba cha uani kijana mwenye kompyuta mpakato hutafsiri nyaraka za watu asiopata kuonana nao. Jikoni kwa jirani keki ya harusi hupambwa usiku, watoto wakiisha kulala. Nyumba ya tatu yumo mtunza hesabu anayepanga stakabadhi za maduka manne. Watu hawa hawana mwajiri wala mshahara wa mwisho wa mwezi. Ni wafanyakazi wa kujitegemea, na karakana yao ni nyumba wanayolala.

Wapitao njiani huwataja kwa maneno matatu: "Yupo tu nyumbani." Maneno hayo ni mepesi kutamka, lakini mzigo wake ni mzito. Mtu anayesemwa kuwa yupo tu nyumbani hutumwa sokoni saa yoyote. Huachiwa mtoto wa jirani bila kuulizwa, hulipwa baada ya wengine wote kulipwa, na hutakiwa apunguze bei kwa sababu "hana pango la fremu". Mwisho wa mwaka hasara yake huonekana: ada ya mtoto haikutimia, au cherehani imewekwa rehani, au kompyuta imeuzwa kulipa deni la duka. Kwa hiyo swali la leo si la mapambo. Ni swali la namna kazi ya nyumbani inavyoweza kuheshimiwa kama kazi, kwanza na yule anayeifanya, kisha na wengine.

Mafunzo mengi ya ujasiriamali hutenganisha mambo mawili. Siku moja hufundishwa chapa, yaani jina, nembo na matangazo. Siku nyingine hufundishwa matumizi ya muda. Mada hii inashikilia kwamba hayo ni jambo moja. Chapa ya mfanyakazi wa nyumbani ni ahadi yake, na ahadi hutunzwa na saa. Asiyetawala saa zake hawezi kuwa na jina jema, hata akichorewa nembo na msanii hodari kuliko wote.

Chapa ni nini hasa

Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wapo wanaoitumia methali hii kukataa kila aina ya tangazo, wakidai kwamba kazi nzuri haihitaji kutangazwa. Lakini chema hujiuza pale tu kinapoonekana, na kinapoweza kutambuliwa mara ya pili. Mteja aliyeshonewa gauni zuri akalisifu, kisha asijue amwelekeze rafiki yake kwa nani, amesifu bure. Sifa isiyo na anwani haileti mteja wa pili.

Chapa ni kile ambacho mteja hukitarajia kabla hajafika. Anapotaja jina la fundi fulani, kuna jambo linalomjia akilini: "Huyo mishono yake haifumuki," au "Huyo atakuzungusha mwezi mzima." Yote mawili ni chapa. Hakuna mfanyakazi asiye na chapa. Wapo tu waliojijengea wenyewe na wapo waliojengewa na malalamiko ya watu. Nembo, rangi na kadi vyote huja baadaye, kazi yake ikiwa kumkumbusha mteja matarajio hayo. Matarajio yakiwa mabaya, nembo nzuri humsaidia mteja kumkwepa fundi upesi zaidi.

Mafunzo mawili kutoka pwani ya Afrika Mashariki

Historia ya biashara katika pwani hii ina mifano inayofaa kutafakariwa. Wa kwanza ni wa kanga. Mjini Mombasa, mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak alizipa kanga zake alama ya herufi K.H.E. pamoja na maneno "Mali ya Abdulla". Mnunuzi hakuhitaji kumjua mfanyabiashara huyo wala kufika dukani kwake. Alitazama maandishi madogo kwenye kitambaa, akajua anapata nini. Alama ile haikuwa na madoido, bali ilirudiwa bila kubadilika, kanga baada ya kanga, hadi ikawa sehemu ya lugha ya wanunuzi. Hilo ni funzo la kwanza: alama hupata nguvu kwa kurudiwa. Mfanyakazi anayebadili jina la kazi yake kila baada ya miezi sita hujirudisha mwanzo kila mara.

Mfano wa pili ni wa Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa kusini mwa Tanzania aliyehamia Dar es Salaam. Mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya ubao vya mraba, akitumia rangi za kung'aa za aina inayopakwa baiskeli. Hakuwa na studio wala shahada ya sanaa. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka michache tu ya uchoraji, lakini wanafunzi na jamaa zake waliendelea na mtindo wake, na mwaka 1990 wachoraji hao wakaunda chama cha ushirika chenye jina lake. Leo mtu akiona chui mwenye madoa makubwa juu ya rangi moja inayong'aa, husema "tingatinga" hata kama hamjui aliyechora.

Hapo pana funzo lenye pande mbili. Kwa upande mmoja, mtindo unaotambulika kwa mtazamo mmoja ni utajiri; Tingatinga alichagua jambo moja akalifanya kwa mkono wake mwenyewe. Kwa upande mwingine, jina lake limekuwa jina la aina nzima ya michoro, na mchoraji kijana anayechora tingatinga leo hana budi kutafuta namna ya kuonekana miongoni mwa wengi. Mtindo unaweza kuwa wa wote; sahihi ni ya mtu mmoja. Ndiyo maana mfanyakazi wa nyumbani, hata afanye kazi inayofanywa na mia mtaani, aweke sahihi yake: kitambulisho kidogo kilichoshonwa ndani ya kola, jina lililochapwa chini ya ukurasa, au kibandiko kwenye boksi la keki.

Kuchagua jambo moja

Tangazo lenye maneno "Hapa tunashona, tunachapa, tunauza barafu na vocha" humweleza mteja mambo manne na kumwaminisha hata moja. Si kosa kuwa na njia kadhaa za kipato, maisha huzidai. Lakini jina lisimame juu ya jambo moja. Fundi anayejulikana kwa sare za shule hupata wazazi wote wa mtaa kila Januari, na hao hao wakitaka nguo ya Idi au sare ya harusi watamwuliza kwanza. Mtafsiri anayejulikana kwa vyeti na nyaraka za kiofisi hutafutwa kwa hizo, kisha huletewa na ripoti.

Chapa hiyo iandikwe kwa sentensi moja inayosema kazi ni ipi, ni kwa nani, na ahadi ni ipi. Kwa mfano: "Sare za shule za msingi, kwa kipimo cha mtoto, tayari siku iliyoandikwa." Sentensi ya namna hiyo inaenea kwenye kibao, kwenye kadi na kwenye maelezo ya WhatsApp. Maneno ya mwisho, "tayari siku iliyoandikwa", ndiyo yenye thamani kubwa kuliko yote, na ndiyo magumu kuyatimiza.

Picha nazo ziwe za kweli. Kuweka picha ya gauni lililoshonwa na fundi mwingine ni kumwahidi mteja mkono usiokuwa wako. Siku atakapopokea gauni lake atalinganisha, na jina litaanguka. Picha kumi za kazi halisi, zilizopigwa mchana kwenye mwanga wa dirisha, kwa idhini ya mwenye nguo, hushinda picha mia za kuazima.

Ugonjwa wa "njoo kesho"

Hakuna maneno yaliyoharibu majina ya mafundi kuliko "njoo kesho". Mteja huja kesho, huambiwa kesho kutwa, kisha hukuta mlango umefungwa. Mara nyingi fundi huyo si mwongo wala mvivu. Ni mtu aliyepokea kazi nyingi kuliko saa alizonazo, kwa kuogopa kumpoteza mteja. Matokeo yake huwapoteza kumi ili asimwudhi mmoja.

Dawa yake ni hesabu, nayo yafaa ifanywe kabla msimu haujaanza. Chukua mfano wa fundi anayetumia saa 3 kukata na kushona jozi moja ya shati na sketi. Akiondoa kupika, kuteka maji na kuwahudumia watoto, ana saa 6 za kushona kwa siku. Hiyo ni jozi 2 kwa siku, au 12 kwa juma la siku 6. Katika majuma 5 yanayotangulia kufunguliwa kwa shule Januari, uwezo wake wa juu kabisa ni jozi 60. Lakini ndani ya majuma hayo zimo sikukuu, umeme hukatika, na mtoto anaweza kuugua. Akiondoa robo kwa ajili ya mambo hayo, zinabaki jozi 45. Basi 45 ndiyo namba yake ya kweli.

Mzazi wa 46 anapokuja, fundi ana majibu matatu ya heshima. Anaweza kumwambia kwamba nafasi imejaa na siku ya karibu ni juma la pili la shule. Anaweza kumpeleka kwa fundi mwenzake anayemwamini. Au anaweza kuwa na fundi msaidizi waliyekubaliana mapema kuhusu malipo. Jibu ambalo hana ni "lete tu, tutaona". Mteja aliyekataliwa kwa ukweli hurudi mwaka unaofuata mwezi Novemba. Mteja ambaye mtoto wake alikwenda shule na nguo za nyumbani harudi, na huwasimulia wengine.

Hesabu hiyo ifanywe na kila mfanyakazi kwa kipimo chake: kurasa kwa siku kwa mtafsiri, keki kwa juma kwa mpambaji, vitabu vya maduka kwa mwezi kwa mtunza hesabu. Asiyeijua namba yake huahidi kwa kubahatisha. Ahadi ni deni, na mdaiwa asiyejua kiasi cha deni lake hawezi kulilipa.

Siku ya kazi ndani ya nyumba yenye watu

Mwaka 1955 mwanahistoria Mwingereza C. Northcote Parkinson aliandika kwa mzaha wenye ukweli kwamba kazi hutanuka mpaka ijaze muda wote iliopewa. Mtu aliyepewa siku nzima kuandika barua moja ataimaliza siku nzima kwa barua hiyo. Mfanyakazi wa nyumbani yumo hatarini zaidi, kwa kuwa hana kengele ya kuingia wala ya kutoka. Asubuhi huonekana ndefu, kisha adhuhuri hufika naye hajakata hata kitambaa kimoja, na kazi husogea hadi usiku wa manane, wakati macho yamechoka na mishono inapinda.

Tiba ya kwanza ni kuziandika saa na kuzitangaza. Mathalani, kazi ianze saa 2:00 asubuhi hadi saa 6:00 mchana, kisha saa 8:00 mchana hadi saa 10:00 jioni. Ratiba hiyo ibandikwe mahali wanapoiona watu wa nyumbani na wateja pia. Mwanzoni watu watacheka. Baada ya mwezi mmoja watazoea kuuliza, "Je, ni saa ya kazi?" Hapo maneno "yupo tu nyumbani" yatakuwa yameanza kufa.

Ratiba haiwezi kusimama bila makubaliano ya kaya. Mzigo wa nyumba bado unawaangukia wanawake kuliko wanaume, na hakuna mbinu ya muda inayoweza kumpa mama saa 6 za kushona kama maji, kuni, watoto na wagonjwa vyote ni vyake peke yake. Kaya inayokula matunda ya cherehani haina budi kuigawana kazi inayoiacha cherehani ilie. Mume achukue zamu ya maji, kijana mkubwa amtazame mdogo wake saa za asubuhi, na bibi au mama mkwe, akiombwa kwa adabu, apokee wageni. Mazungumzo haya yafanyike siku ya utulivu, hesabu ya mapato ikiwa mezani, ili kila mmoja aone kwamba saa zilizolindwa ndizo zilizolipa ada.

Tiba ya pili ni kuigawa kazi katika vipande. Mwitaliano Francesco Cirillo, mwishoni mwa miaka ya 1980, alijiwekea utaratibu wa kufanya kazi dakika 25 mfululizo bila kugusa jambo jingine, kisha kupumzika dakika 5, akipima kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Utaratibu huo unawezekana kwa simu yoyote yenye kengele. Ndani ya dakika 25 simu igeuzwe kifudifudi. Jumbe za wateja zijibiwe kwa nyakati maalumu, kwa mfano kabla ya kuanza kazi, adhuhuri na jioni. Mteja hapotei kwa kusubiri saa 3, ila hupotea kwa kujibiwa ovyo.

Tiba ya tatu ni kujua kazi gani inafaa saa gani. Kazi inayohitaji macho na akili, kama kukata kitambaa cha gharama au kutafsiri mkataba, ifanywe asubuhi. Kupiga pasi, kufunga vifurushi na kupanga stakabadhi vifanywe mtu akiwa amechoka. Uniti za LUKU zinunuliwe kabla hazijaisha, betri ya kompyuta ijazwe umeme ukiwepo, na faili zihifadhiwe mahali pawili. Cherehani ya mguu na pasi ya mkaa visidharauliwe, kwani siku ya giza ndivyo vinavyookoa ahadi.

Yapo mambo ambayo ratiba huyapisha. Hakuna chapa inayomzuia mtu kwenda kuzika. Msiba ukitokea, mfanyakazi atafunga kazi na kwenda, kama jamii inavyomtazamia. Kinachomtofautisha mwenye jina jema ni ujumbe mfupi anaoutuma kabla ya kuondoka: "Nimepata msiba. Kazi yako iliyokuwa Alhamisi itakuwa tayari Jumatatu." Ile robo iliyoondolewa kwenye hesabu ndiyo inayomwezesha kutimiza Jumatatu hiyo.

Kwa wanaowafanyia kazi wateja wa nchi za mbali, tahadhari moja inahitajika. Saa 3 ya Kiswahili si saa 3 ya mteja wa ng'ambo. Muda wa kukabidhi kazi uandikwe kwa namna isiyoacha shaka, ukitaja kwamba ni saa za Afrika Mashariki na kama ni asubuhi au jioni. Kosa la saa 6 katika kuelewana linaweza kumgharimu mtu zabuni.

Bei, kianzio na daftari

Bei nayo ni sehemu ya chapa. Anayepunguza kwa kila anayelalamika hutangaza kwamba bei ya kwanza haikuwa ya kweli. Bei ya kweli hutokana na hesabu. Tuseme mtafsiri anahitaji shilingi 600,000 kwa mwezi, zikiwamo za chakula, umeme, bando la intaneti na akiba ya kutengeneza kompyuta. Anafanya kazi siku 24, na kila siku saa 4 ndizo zenye malipo, kwani nyingine huishia katika kutafuta wateja na kuwasiliana nao. Hizo ni saa 96 kwa mwezi. Akigawa 600,000 kwa 96, atapata shilingi 6,250 kwa saa. Kazi ya saa 5 haiwezi kuwa chini ya shilingi 31,250, la sivyo anakula mtaji wake bila kujua. Mwenye hesabu hii anaweza kumwonyesha mteja kwa upole kwa nini bei haishuki, au anaweza kupunguza kurasa badala ya kupunguza thamani ya saa.

Kazi isianze kabla ya kianzio, ambacho mafundi wengi hukitoza nusu ya bei. Kianzio hununua vifaa na hupima nia ya mteja. Kila malipo yaandikiwe stakabadhi, hata ya ndugu. Makubaliano yawe kwa maandishi, japo ni ukurasa mmoja au ujumbe wa simu uliojibiwa "nimekubali": kazi gani, vipimo vipi, siku gani, bei gani, na marekebisho mangapi yaliyomo ndani ya bei hiyo. Mahakama ya Mwanzo hupokea madai ya madeni, lakini hakimu huhitaji ushahidi, na kumbukumbu ya maneno pekee ni ushahidi dhaifu.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lenye safu za tarehe, jina la mteja, kazi, kianzio, salio na siku ya kukabidhi ni chombo kimoja chenye faida tatu. Hulinda ahadi, huonyesha faida, na ndilo litakaloombwa siku mfanyakazi atakapohitaji mkopo au kukadiriwa kodi kwa haki. Ni vema pia malipo ya kazi yapokelewe kwa namba tofauti na ya matumizi ya nyumbani, ili taarifa ya simu iwe daftari la pili.

Huduma ambazo mkazi anapaswa kuzifahamu

Jina lililojengwa kwa jasho linastahili kulindwa. Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA, husajili majina ya biashara kwa njia ya mtandao, na mwombaji huhitaji namba ya Kitambulisho cha Taifa. Kabla ya kuchapisha kadi au kibao, mtu atafute kwanza kama jina alipendalo halijachukuliwa. Baada ya usajili ipo ada ya kila mwaka ya kulitunza jina.

Ni muhimu kutofautisha jina la biashara na alama ya biashara. Usajili wa jina hautoi peke yake haki ya kumzuia mwingine kutumia alama inayofanana kwenye bidhaa. Haki hiyo hutokana na usajili wa alama chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, ambao kwa Tanzania Bara hudumu miaka 7, kisha huweza kuhuishwa kwa vipindi vya miaka 10. Si kila fundi anaihitaji leo, lakini anayeona bidhaa zake zimeanza kuuzwa nje ya kata aifikirie. Kwa wachoraji, waandishi na wabunifu, kazi zao hulindwa na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, ndiyo inayotoa mwongozo.

Namba ya Mlipakodi, TIN, hutolewa bure na Mamlaka ya Mapato. Leseni za biashara zilizo chini ya Halmashauri huombwa kupitia mfumo wa Tausi. Kwa kuwa kazi za nyumbani ni za aina nyingi, Ofisa Biashara ndiye atakayeeleza ni leseni ipi inayohusika na kwa ada gani. Malipo yote ya Serikali hufanywa kwa kontroo namba. Anayedai kupewa fedha mkononi ili "aharakishe" ni kishoka, na aripotiwe.

Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa kawaida mikopo hii hupitia vikundi, na Ofisa Maendeleo ya Jamii wa kata ndiye mlango wake. Hapa hesabu ya jozi 45 inarudi kwa sura nyingine. Mafundi watano wenye uwezo wa jozi 45 kila mmoja ni kikundi chenye uwezo wa jozi 225 kwa msimu mmoja, kinachoweza kuomba kazi ya shule nzima, ambayo hakuna fundi mmoja angeithubutu. Lakini kikundi hicho kitakuwa na chapa moja, na fundi mmoja wa "njoo kesho" ataichafua ya wote. Kwa hiyo wanakikundi wachaguane kwa daftari, si kwa undugu pekee.

Hitimisho

Ndugu wakazi, Kiswahili husema jina jema hung'ara gizani. Mfanyakazi wa nyumbani hufanya kazi yake katika giza la namna fulani: haonekani na wapitao, hana bosi wa kumsifu, na jasho lake huchanganyika na shughuli za nyumba hadi wengine wasilione. Kinachomtoa humo ni mambo anayoyamudu mwenyewe: kazi moja aliyoichagua, namba yake ya kweli anayoijua, saa zake alizozitangaza, bei yake yenye hesabu, na siku ya kukabidhi iliyoandikwa na kutimizwa.

Anayetaka kuanza aanze juma hili kwa matatu tu. Kwanza, kwa siku 6 aandike saa alizofanya kazi hasa, si saa alizokuwa nyumbani. Pili, kutokana na saa hizo, atafute idadi ya kazi anazoweza kuzimaliza kwa juma na kuondoa robo. Tatu, asipokee kazi yoyote mpya bila kuandika siku ya kukabidhi mbele ya mteja. Akiyafanya hayo kwa miezi mitatu, nembo atakayoichora baadaye itakuwa na kitu cha kuwakilisha, na mlango wa Ofisa Biashara utamkuta akiwa na daftari mkononi.